Rafiki yangu amerudia kamari uzeeni, na wanawe wananilaumu mimi

BARUA

Mwanangu Mshauri,

Salaam. Mimi ni mzee niliyevuka sabini, mstaafu, naishi Arusha upande wa Sakina. Safu yako huwa nasomewa na mjukuu, lakini barua hii nimeiandika mwenyewe maana ina mambo ambayo mjukuu hana haja ya kuyajua.

Niseme mapema tusizungushane: mimi ni mcheza kamari tangu ujana. Sijaandika ili nitubu. Watoto nimesomesha, nyumba nimejenga, na sijawahi kuuza hata kiti cha ndani kwa ajili ya mchezo. Kinachonisumbua ni rafiki.

Tulikuwa wanne. Fundi, mwenye Peugeot 504 ya station. Sheikh, ambaye tulimpa jina hilo wakati mlango wa msikiti anausikia kwa jirani. Mangi wa Moshi. Na mimi. Mpaka wa Namanga ulikuwa umefungwa tangu 1977, na ulipofunguliwa mwishoni mwa 1983 sisi tulikuwa vijana wenye hamu ya kwenda popote ambako hatujafika. Fundi akasikia kwamba Nairobi, Barabara ya Ngong, kuna uwanja wa mbio za farasi na hata mtu wa kawaida anaingia na kuweka hela yake. Basi, safari zikaanza.

Tunaondoka Jumamosi alfajiri. Longido tunasimama Fundi aongeze maji kwenye rejeta, na hapo ndipo mabishano yanapoanza: nani aliwahi kumwona farasi kwa karibu, nani ana deni la nani tangu safari iliyopita. Namanga tunabadilisha pesa kwa vijana, huku mmoja wetu anatazama barabarani, maana nyakati zile kukutwa na fedha za kigeni hakukuwa mchezo. Kajiado, Athi River, halafu Nairobi, mtaa wa River Road, tunachukua chumba kimoja watu wanne. Jumapili ndiyo Ngong.

Kabla ya kila mbio farasi wanazungushwa kwenye uwanja mdogo ili watu wawaone. Sheikh alikuwa hagusi karatasi ya ratiba. Anaegemea uzio anatazama jasho. "Huyo mwenye povu jeupe katikati ya mapaja," atakwambia, "mbio zake keshazimalizia hapa hapa. Msimguse." Halafu mnakwenda dirishani. Hela za wote zinaingia chungu kimoja, uwanja unakata fungu lake, kinachobaki wanagawana waliopatia. Siku moja Fundi alimwekea farasi wa kijivu ambaye hakuna aliyemtaka, kisa alifanana na punda wa bibi yake kule Kondoa. Akashinda yule farasi! Tulinunua matairi mawili ya Peugeot siku iliyofuata, wakati huku kwetu tairi lilikuwa kitu cha kuombea kibali.

Na hata tukiliwa hatukurudi mikono mitupu. Miche ya sabuni, mafuta ya kupikia, dawa ya meno, vitu ambavyo maduka yetu yalikuwa hayana. Mama watoto hakuniuliza hata mara moja nilikwenda Nairobi kufanya nini.

Sasa Fundi tumeshamzika. Sheikh amekuwa sheikh kweli, yuko Ngarenaro, swala tano hazimpiti. Nambari yake ninayo ila sipigi, naogopa kuhubiriwa. Aliyebaki ni Mangi.

Mangi ndiye alikuwa mwoga wetu. Anaweka shilingi ishirini ya Kenya, ikiliwa anafunga mkoba, siku nzima anatafuna mahindi ya kuchoma na kutucheka. Alipooa aliacha kabisa, akashika kahawa na ng'ombe wake. Miaka michache iliyopita mikono ikaanza kutetemeka na mguu mmoja ukawa unaburuta. Hospitali wakasema ni Parkinson, wakampa vidonge. Vilimsaidia kweli, nilipokwenda kumwona alishika kikombe cha chai bila kumwaga. Mwaka jana wakamwongezea kidonge kingine, akawa anatembea vizuri zaidi hata shambani anashuka.

Lakini mwaka huo huo kamari imemrudia, na si kamari ya Mangi ninayemjua. Usiku kucha yuko kwenye simu. Ule mchezo wa kandege kanakopaa mpaka kanatoweka na hela yako, na mikeka, yaani kubashiri mechi nyingi kwa mpigo, ya ligi ambazo hata nchi zake hazijui. Ameuza ng'ombe wawili wa maziwa. Ana mikopo ya simu. Ananipigia saa tisa za usiku: "Twende Ngong, ndugu yangu, mara ya mwisho kabla hatujafa."

Kijana wake mkubwa naye alinipigia. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alisema, "Mzee, wewe ndiye uliyemfundisha baba. Naomba usikanyage tena hapa nyumbani."

Mimi mwenyewe sikufichi, mwisho wa wiki naweka mkeka. Binti yangu aliye Dodoma hunitumia hela ya dawa ya presha, na mara kadhaa nimeimega. Mama watoto hajui hilo. Juzi alinikuta sebuleni na simu, akasema, "Zamani ulikuwa unarudi na sabuni. Siku hizi unarudi na nini, na hata mlangoni hujatoka?" Nilikosa la kujibu.

Niambie mwanangu. Nimheshimu yule kijana nikae mbali, au nikamchukue rafiki yangu twende, liwalo na liwe? Na hizo hela za dawa, nimweleze mama watoto au nizirudishe kimya kimya?

Mzee wa Sakina, Arusha

JIBU

Shikamoo mzee wangu,

Naanzia pale ulipopita haraka: "Mwaka jana wakamwongezea kidonge kingine." Halafu sentensi inayofuata ukasema kamari ilimrudia mwaka huo huo. Kabla ya kuamua safari, na kabla ya mtu yeyote kumnyooshea mwenzake kidole, hicho kidonge kijulikane jina lake.

Mimi si daktari, lakini jambo hili madaktari wa mishipa ya fahamu wanalijua vizuri. Ugonjwa wa Parkinson unatokana na ubongo kupungukiwa kemikali inayoitwa dopamini. Kemikali hiyo ndiyo inayosaidia mwili kutembea kwa utulivu, na hiyo hiyo ndiyo inayotupa ule msisimko wa kungoja kitu kizuri: harufu ya pilau jikoni, mpira unaoelekea golini, farasi anayechomoza kwenye kona ya mwisho. Kuna dawa za Parkinson zinazoiga kazi ya dopamini, na mbili zinazotumika sana ni pramipexole na ropinirole. Zinasaidia miguu na mikono. Kwa baadhi ya wagonjwa, hata hivyo, zinaamsha tamaa ambayo mtu hawezi kuizuia. Mmoja atacheza kamari, mwingine atanunua vitu hovyo, mwingine atakula bila kushiba, mwingine tamaa ya mwili itamzidi hadi familia ione aibu kusema. Hii imewapata hata watu ambao maishani mwao hawakuwahi kushika karata, na onyo lake limeandikwa kwenye kile kikaratasi kinachokuwa ndani ya boksi, kile ambacho wengi wetu tunakitupa pamoja na boksi lenyewe.

Sasa mtazame Mangi wako. Mtu aliyefunga mkoba kwa shilingi ishirini akiwa kijana, akiwa katikati ya marafiki watatu wanaomchokoza, na farasi wako mbele ya macho yake. Mtu wa namna hiyo haamki uzeeni akauza ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya kandege. Inawezekana kuna sababu nyingine, na upweke wa kuumwa nao si mdogo. Lakini mimi ningekuwa mtoto wake, kitu cha kwanza ningekimbilia ni mfuko wa dawa.

Tafadhali shika hili: asije mtu akamnyang'anya vidonge au yeye akaviacha mwenyewe. Dawa za Parkinson zikikatishwa ghafla mgonjwa anaweza kukakamaa, kupandwa na homa kali, na kufikia hali ya hatari kabisa. Daktari aliyeziandika ndiye atakayepunguza kidogo kidogo au kubadilisha. Moshi wana bahati ya kuwa na KCMC, hospitali ya rufaa, pale pale mjini. Na asiende peke yake. Wagonjwa wengi hawamwambii daktari habari za kamari, kwanza kwa aibu, pili kwa kuwa hawajui kama inahusiana na dawa. Daktari naye akiona mkono umetulia anafurahi, anaandika dawa zile zile, mgonjwa anarudi nyumbani na simu yake. Kijana awepo chumbani na aseme yote: ng'ombe, mikopo, usiku kucha. Dawa ikirekebishwa, wengi tamaa hiyo inashuka.

Kwa hiyo yule kijana ndiye mtu wako wa kwanza. Usiende pale nyumbani, amekuomba usikanyage na ni haki yake. Anamwona baba yake anayeyuka na hana mwingine wa kumlaumu. Mpigie, au kama sauti itakukwama mwandikie ujumbe. Ningekuwa wewe ningeandika hivi: "Mwanangu, sikutafuti ili nijitetee. Naomba uchukue dawa za baba usome majina yake, hasa ile aliyoongezewa mwaka jana. Kuna dawa za Parkinson zinazoleta tamaa ya kamari. Mpeleke kwa daktari wake umweleze yote. Asiziache mwenyewe." Ukomee hapo. Usiongeze habari za Ngong, usiongeze kwamba umeumia. Umeumia, ndiyo, lakini hiyo utaisema siku nyingine mkiwa mmekaa na chai.

Na usije ukatoka kwenye barua yangu ukidhani nimekuosha. Nimehesabu, mzee wangu: kurasa zako zina ushindi mmoja wenye rangi ya farasi, punda wa bibi na idadi ya matairi. Hasara zote umezifunga kwenye neno moja, "tukiliwa". Wacheza kamari wote wanasimulia hivyo. Hata mjomba wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na hadithi moja tu ya kushinda, na aliisimulia mpaka tukaijua kwa moyo pamoja na rangi ya shati alilovaa.

Kuna kitu umekieleza vizuri kuliko unavyojua. Pale Ngong, mbio moja ikiisha mlisubiri kama nusu saa hivi ndipo ianze nyingine. Katika nusu saa hiyo mlikuwa mnabishana, mnakula mahindi, Sheikh anatazama mapaja ya farasi, Mangi anawacheka. Hasira ya kuliwa ilikuwa inapata muda wa kupoa. Jioni uwanja unafungwa, mtake msitake. Hela mliyobeba mfukoni ikiisha imeisha, na Arusha iko mbali. Kandege hakana nusu saa. Kakitoweka, kengine kanaruka baada ya sekunde chache, saa tisa za usiku kako wazi, na hela iko kwenye simu ile ile inayokukopesha nyingine. Kwa hiyo ukisema "nimecheza kamari maisha yangu yote na sijawahi kuuza kiti", unasema kweli kuhusu mchezo mwingine. Huu wa sasa umetengenezwa bila Longido na bila jioni.

Mkeka nao tuupigie hesabu mara moja tuachane nao. Chukua mechi kumi. Tuseme kila mechi una uhakika wa asilimia 70, jambo ambalo hata kocha hana. Uwezekano wa zote kumi kutokea ni kama asilimia 3. Yaani mikeka mia ya namna hiyo, tisini na saba inachanika. Na viwango vya malipo vimepangwa na kampuni, ambayo imeshakata fungu lake kabla hujabofya, kama uwanja wa Ngong ulivyokata kwenye chungu. Wewe ulilijua hilo ukiwa na miaka thelathini, mbele ya dirisha, na ukalieleza kwenye barua kwa mstari mmoja. Sielewi kwa nini kwenye simu unajifanya hulijui.

Sasa safari. Usimpeleke Mangi Ngong. Mpaka daktari aseme dawa imekaa sawa, kumsimamisha mbele ya dirisha la kuwekea hela ni ukatili, hata kama amekuomba kwa machozi. Baadaye je? Itategemea hali yake na familia yake, na mimi siwezi kuipanga kutoka hapa.

Lakini barabara haina kosa. Nimesoma barua yako nikaona mahali unapochangamka: rejeta Longido, chumba cha River Road, bibi wa Kondoa. Ngong yenyewe umeitumia kama kituo cha kugeuzia gari. Basi muombe kijana wa Mangi, akishatulia, awaendeshe yeye. Mtoke Moshi asubuhi mpite Arusha wakuchukue, mfike Longido, mkipenda Namanga, mle nyama, mrudi siku hiyo hiyo. Kijana akikaa kwenye usukani akawasikiliza kwenda na kurudi, atajua baba yake alikuwa yule aliyefunga mkoba. Hilo ukimwambia wewe kwa simu atakuona unajitetea. Akilisikia kwa baba mwenyewe, mkicheka, halina mjadala.

Mambo mawili ya njiani. Vidonge vya Parkinson vina saa zake, na saa hizo hazibadiliki kwa sababu mko safarini. Tena kama kimoja ni levodopa, dawa nyingine ya Parkinson, nyama nyingi inaweza kupunguza nguvu yake kwa kuwa protini inashindana nayo kuingia mwilini. Kwa kawaida wagonjwa huambiwa wameze nusu saa au zaidi kabla ya kula. Kijana aulize hilo hilo hospitalini. Wewe na presha yako, hiyo nyama usiichovye kwenye chumvi kama unavyotaka. Na msimame mara nyingi mnyooshe miguu. Fundi aliwasimamisha kwa ajili ya rejeta, ninyi sasa mtasimama kwa ajili ya magoti na haja ndogo.

Sheikh aalikwe. Ndiyo, huyo unayemkimbia. Unaogopa mahubiri, na huenda kweli atakuhubiria kutoka Ngaramtoni mpaka mpakani. Mvumilie. Ni mtu aliyekuwa anacheza kuliko Mangi na akaweza kuacha, na hapo Arusha mjini yuko karibu nawe kuliko duka la dawa. Ukimtoa Mangi, hakuna mwingine aliye hai anayeweza kukubishia kuhusu rangi ya yule farasi. Nadhani mikeka yako ya mwisho wa wiki inakua kwa kukosa watu wa kubishana nao, na kama nimekosea, jaribu mwezi mmoja wa kukutana na Sheikh kila Jumamosi alasiri, saa zile zile za kuweka mkeka, uone kidole kitakwenda wapi.

Ukijaribu kuacha ukashindwa, usione haya kuonana na daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Kamari inayokula hela ya dawa inatibika kama maradhi mengine. Piga pia huduma kwa wateja wa hiyo kampuni unayochezea uwaambie wakufungie akaunti. Kuingia kwake ulijiunga kwa dakika moja, kutoka watakuzungusha, lakini ng'ang'ania. Kwa sasa binti yako wa Dodoma alipie duka la dawa moja kwa moja, wewe uende kuchukua dawa tu. Huna haja ya kumpa hotuba. Mwambie kwamba hela ikipita kwenye simu yako inapungua, ataelewa.

Umeniuliza umweleze mama watoto au uzirudishe kimya kimya. Mweleze leo, na simu umkabidhi yeye usiku mpaka mwisho wa mwezi. Hatashtuka kama unavyofikiri. Mwanamke aliyekuuliza habari za sabuni hakuwa anauliza sabuni, na hakuna mke anayelala kitanda kimoja na mwanga wa simu saa nane za usiku halafu asijue mumewe anabofya nini.